Malindi miaka sita, Lamu miaka mitatu: uzoefu wa fundi friji

Mimi ni fundi wa friji na friza. Kwetu ni Voi, kwa hiyo sina mji wa kuutetea kati ya hii miwili. Malindi nilikaa kuanzia 2013 hadi 2019, Lamu 2019 hadi mwishoni mwa 2022, kisha nikarudi Malindi ambako niko mpaka leo. Wenzangu wa bara wanaotaka kuhamia Pwani huniuliza wapi pazuri pa kuishi. Huwa nawajibu kwa swali: una friji ya ukubwa gani?

Wanadhani natania. Nilipohama 2019 nilikuwa na friza moja la futi tano, kitanda, mitungi ya gesi na masanduku mawili ya vifaa. Nilikodi kenta. Barabara ya kutoka Garsen wakati huo ilikuwa bado inawekwa lami, vumbi tupu, na huko mbele magari yalikuwa yakisubiriana ili yasindikizwe na polisi, desturi iliyoshika nguvu tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014. Tulifika Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, alasiri, maji yamekupwa, boti iko chini kabisa ya gati. Wachukuzi wakanitazama, wakalitazama friza, wakakaa chini. Tukangoja bahari ijae.

Ng'ambo ya pili, friza lilipanda mkokoteni na likaenda vizuri hadi tulipoingia vichochoroni mwa mtaa wa Mkomani. Lamu hakuna gari mjini, hilo kila mtu anajua. Usilolijua mpaka ubebe mzigo ni kwamba njia nyingine zimejengwa kwa kipimo cha punda mmoja na shogi zake. Pale kwenye kona ya pili friza halikupinda. Tukalisimamisha wima, tukalilaza, tukalipitisha juu ya baraza la nyumba ya watu, mwenye nyumba akatoka na badala ya kutufukuza akashika upande. Kufikia mlangoni kwangu nilikuwa na wasaidizi kumi na mmoja. Wanne walibeba, saba walielekeza.

Friza hilohilo, siku niliyolinunua Malindi, lilifika nyumbani Muyeye juu ya pikapu kabla chai yangu haijapoa.

Sasa nyumba zenyewe. Muyeye nilipanga vyumba viwili vya mabati kwa shilingi 7,000. Saa nane mchana humo ndani hata mjusi anatafuta pa kutokea. Lamu nililipa 9,000 kwa sehemu ya chini ya nyumba ya kale ya mawe, kuta zake nene urefu wa mkono wangu hadi kiwikoni, dari la boriti, zidaka ukutani za kuwekea vitu. Feni nililiwasha mwezi wa pili na wa tatu tu. Waliojenga zile nyumba walijua joto kuliko sisi tunaouza viyoyozi, na nasema hivyo nikijua naharibu biashara yangu. Ila ukuta wa matumbawe unavuta chumvi. Plasta inavimba, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na kompresa ya friji ukiiweka karibu na ukuta huo inaota kutu miguuni. Nilikuwa naweka kipande cha mpira na mbao chini ya kila friji niliyotengeneza. Malindi chumvi ipo pia, lakini ni ya hewa, haitoki ndani ya nyumba. Na Lamu usidhani utaamka siku moja ubomoe ukuta upanue dirisha. Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kuna ruhusa za kutafuta kwanza.

Kazi yangu hunipeleka majumbani mwa watu, na hapo ndipo miji hii inapoachana kabisa.

Malindi wateja wangu wakubwa walikuwa nyumba za Wataliano upande wa Casuarina. Watu hudhani Wataliano waliletwa Malindi na ufuo. Wengi wa mwanzo waliletwa na roketi: kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambacho kutoka baharini kilirusha setelaiti ikaitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Wafanyakazi wakapapenda, wakaitana. Sasa barabara ile ukiipita kwa miguu unatembea kati ya kuta mbili ndefu, maua ya bogenvilia juu, mlinzi getini, na ndani hakuna mtu. Kuanzia Aprili mpaka Juni nyumba nyingi hufungwa. Msimamizi anazima umeme na kufunga mlango wa friji, Julai naitwa nikute ukungu mweusi hadi kwenye mpira wa mlango. Niliwaambia miaka sita, ukizima friji acha mlango wazi. Hawakusikia, nami nikala.

Malipo yao yalikuwa mazuri na ya papo hapo. Lakini katika miaka ile sita sikuwahi kuambiwa keti.

Lamu wiki yangu ya kwanza niliitwa nyumba moja mtaa wa Langoni. Bibi wa makamo yuko juu ya ngazi, ananiambia, "Ndoo, fundi, ndoo!" Nikatazama huku na huku, nikaona ndoo ya plastiki karibu na birika, nikaichukua nikapanda nayo. Yule bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndoo ni njoo. Aliniita tu, tena kwa heshima, nikanywe kahawa kabla ya kazi. Kufikia jioni nilipita Mkunguni, mbele ya ngome, na wazee waliokaa pale nisiowajua hata mmoja wakaniuliza kama nimekuja na ndoo yangu. Jina hilo nilikaa nalo miezi.

Hiyo ndiyo Lamu, kwa wema na kwa usumbufu. Nilipougua malaria 2021 jirani aliniletea uji siku tano bila kuulizwa. Dadangu alipokuja kutoka Voi kunitembelea, barazani walishajadili ni nani kwangu kabla hajatua mkoba. Ukinunua mguu wa mbuzi inajulikana. Ukirudi usiku wa manane inajulikana zaidi. Kwa mtu anayependa mambo yake yakae yake, Lamu ni shati lililobana kwapani. Mke wangu, ambaye Malindi alikuwa halijui jina la mama wa mlango wa pili, alipapenda kuliko mimi. Alipata wenzake, akajifunza kupika mkate wa mofa, akaanza kusema "nti" badala ya "nchi" kwa makusudi ili kunichokoza.

Kazi Lamu ni friza za wavuvi na wachuuzi wa samaki. Kusi ikivuma, baharini hakwendeki, na kama hakuna samaki hakuna anayejali friza halina gesi. Malipo yanakuja kidogo kidogo, mengine kwa samaki, kolekole. Vipuri vyote ni vya kuagiza Mombasa. Aprili 2020 serikali ilipofunga Kilifi na Mombasa watu wasitoke wala kuingia, mizigo iliruhusiwa lakini mimi si mzigo, nikawa naagiza kompresa kwa kumpigia simu dereva wa lori na kumsomea namba zilizo kwenye kibandiko. Mara mbili aliniletea siyo. Malindi kipuri ukikikosa mjini asubuhi, jioni kimefika kutoka Mombasa kwa matatu, ni kilomita 120 hivi.

Kuhusu usafi sitaki kumdanganya mtu kwa picha za machweo. Mifereji ya Lamu iko wazi na inapita mlangoni mwako, mavi ya punda yapo, na mvua ikinyesha vyote viwili vinasafiri pamoja. Malindi taka ziko kwingine, nyuma ya masoko na mitaa ya wapangaji, watalii hawazioni. Maji ya Malindi yanatoka Baricho, mto Sabaki. Umeme ukikatika kule, huku tunapanga madumu. Mto huohuo ukifurika unaleta udongo mwekundu na ghuba yote ya mji inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Anayetaka maji ya buluu aende upande wa hifadhi ya bahari.

Kelele: Malindi ni tuktuk na honi zake, basi. Lamu ni punda saa kumi usiku, mlio ambao hauzoeleki, na pikipiki zinazozidi kuingia pembezoni mwa mji. Niseme wazi kwamba hizo pikipiki ndizo zitakazoiua Lamu, siyo bandari mpya ya upande wa bara ambayo kila mtu anaizungumzia.

Kitu kimoja kinaniudhi upande wa Malindi. Mji huu ulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, ukampokea Vasco da Gama 1498, na ukitembea katikati ya mji leo huwezi kujua. Ipo nguzo, kipo kikanisa cha Wareno, na baada ya hapo ni maduka ya simu. Mtoto anayekutana na mgeni humwambia "ciao." Lamu mtoto atakuamkia, na kama hukuitikia atamwambia babaye.

Tuliondoka Lamu kwa sababu ya hesabu moja tu. Mke wangu alikuwa na mimba, ya kwanza ilikuwa imetusumbua, na daktari aliyemtaka alikuwa Mombasa. Mchana unafika. Usiku unahitaji boti kwanza, ya kukodi, nusu saa hivi gizani, kisha barabara ambayo usiku haipitiki kiholela. Tulikaa na hesabu hiyo wiki nzima, kisha tukafunga vyombo. Kama tungekuwa wawili tu, au watoto wameshakua, nadhani bado ningekuwa Mkomani.

Friza sikurudi nalo. Nilipoikumbuka ile kona nilimuuzia jirani mvuvi kwa bei ya hasara, alimalizia kulilipa mwaka jana. Nikienda Lamu kwa kazi, kila miezi miwili hivi, hulipitia nikalisafisha kondensa. Miguu imeanza kutu upande wa ukutani. Nilimwambia alisogeze, akasema likisogea mlango haufunguki.