Uzoefu wangu na Zenith CH 750 STOL: kuijenga Lang'ata, kuirusha Kajiado

Nianze na hukumu, maana wanaoniuliza habari za ndege hii hutaka jibu kabla ya maelezo. Ukitaka kujenga ndege yako hapa Nairobi, na wewe si fundi wa ndege bali mtu mwenye mikono mizuri na subira, sijaona seti ya vipande vya kujiundia ndege inayokufaa kuliko hii. Lakini usiinunue kwa sababu ya namba za kwenye brosha. Namba zile ni za usawa wa bahari, na sisi tuko zaidi ya futi 5,000 juu kabla magurudumu hayajaacha ardhi.

Ni ndege ya viti viwili bega kwa bega, bawa juu, mwili wote bati la alumini, na hiyo STOL maana yake ni kuruka na kutua kwenye nafasi fupi. Inatoka kwa Zenith Aircraft, mji wa Mexico katika jimbo la Missouri, Marekani. Aliyeibuni ni Chris Heintz. Chimbuko lake ni CH 701 ya mwaka 1986, na hii 750 ilitoka 2008 ikiwa na nafasi kubwa zaidi ndani. Hilo la alumini ndilo lililonifanya niiache ndege ya mbao na kitambaa niliyoitamani kwa muda mrefu. Bati lenyewe ni 6061-T6, aloi isiyoliwa na chumvi na unyevu upesi kama zile ngumu zaidi zinazotumika kwenye ndege kubwa. Isitoshe, gundi na kitambaa vinadai joto na unyevu unaoweza kuudhibiti, nami najenga katika gereji ya nyumbani. Bati halijali kama ni baridi ya Julai au jua la Februari.

Agiza usukani wa mkia kwanza, yaani lile bapa la wima linalogeuza pua kushoto na kulia. Kiwanda huuuza peke yake kama kifurushi cha kuanzia, na ukiumaliza utakuwa umegusa karibu kila aina ya kazi iliyomo kwenye ndege nzima: kupanga bati juu ya mbavu, kubana kwa vibanio vya muda (wajenzi huviita kleko), kutoboa, kusugua kingo za kila tundu pande zote mbili, kupaka praima pale mabati yanapokutana, kisha kufunga ribiti. Kama kazi hiyo itakuchosha roho, umepoteza pesa kidogo. Kama utajikuta unaamka usiku kwenda kuutazama usukani ukiwa umesimama ukutani, agiza zilizobaki.

Mashimo mengi huja yametobolewa na mashine, na mashimo ya bati moja hukutana na ya jingine bila ugomvi. Sehemu ya chuma iliyochomelewa huja tayari, na ni vizuri iwe hivyo. Ribiti ni za kuvuta upande mmoja, kama zile mafundi wetu wanazofungia mabati, kwa hiyo huhitaji mtu wa pili wa kushika nondo upande wa ndani. Kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana: ncha ya bunduki ya ribiti imechongwa ndani kama bakuli dogo, hivyo kichwa bapa cha ribiti hutoka kikiwa kimeviringika na kulikumbatia bati vizuri. Maelfu ya ribiti, na kila moja inatoka sawa na mwenzake. Raha ya kazi hii iko hapo.

Fundi wa jua kali aliyenitengenezea meza ya kazi, meza ndefu iliyonyooka kabisa kwa sababu bawa litafuata upotovu wa meza, alizichunguza zile ribiti akaniambia, "Mama, hizi nakuletea kutoka Gikomba kwa nusu ya bei." Nilimshukuru nikakataa. Kwa macho zinafanana, lakini nguvu ya ribiti za kiwanda imejumlishwa katika hesabu ya bawa. Ya dukani haina cheti kinachosema inabeba kiasi gani kabla ya kukatika. Usibadilishe ribiti hata moja. Kwa meza, stendi, vishikizo na kreti za kuhifadhia vipande, mafundi wetu hawana mpinzani, na kazi hiyo wape.

Jambo la kuudhi ni inchi. Michoro yote ni ya inchi, na keekee mbili utakazozitumia kuliko zote ni namba 30 na namba 20, yaani takriban milimita 3.26 na 4.09. Zunguka maduka ya vifaa mjini, utauziwa 3.0, 3.5 au 4.0. Tundu likiwa pana ribiti hulegea, likiwa jembamba utalazimisha. Agiza keekee nyingi pamoja na seti, kwa sababu zinaisha makali, na kungoja kifurushi kimoja cha keekee kutoka ng'ambo kutakusimamisha kazi.

Usafirishaji ndio ulionitoa jasho. Kreti ilishuka Mombasa, ikapanda reli hadi bohari ya kontena ya Embakasi, ikakwama. Wakala niliyemlipa kuishughulikia aliiandika kama mabati ya alumini, kwa kuwa alipochungulia ndani aliona mabati. Mabati ya alumini yako sura ya 76 ya kitabu cha ushuru. Ndege na vipuri vyake viko sura ya 88. Ni mizigo miwili tofauti kabisa mbele ya afisa wa forodha, na wakati makaratasi yanasahihishwa gharama ya kukaa bohari inahesabika kila siku. Andika mwenyewe maelezo ya mzigo, ambatisha orodha ya kiwanda na picha ya ndege iliyokamilika, na umsomee wakala sura ya 88 kabla meli haijatia nanga.

Kuhusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nenda kwao kabla ya ribiti ya kwanza. Mkaguzi hawezi kuona ndani ya bawa lililokwisha kufungwa. Mimi nilipiga picha kila ubavu, kila bolti, kila waya, nikaweka daftari la tarehe na kazi. Daftari hilo ndilo lililofanya mazungumzo ya kupata kibali yawe ya kiufundi badala ya kubishana.

Injini niliyoiweka ni Rotax 912 ULS ya Austria, nguvu farasi 100. Inanywa lita 18 hadi 20 kwa saa katika mwendo wa kawaida, na matangi mawili ya mabawani yanabeba takriban lita 90. Bei yake mpya inakaribiana na bei ya fremu nzima, kwa hiyo ipigie hesabu tangu mwanzo. Inataka petroli ya oktani 95 kwenda juu. Mimi natumia Avgas, petroli ya ndege, ya Uwanja wa Wilson hapa Nairobi, ambayo ni ghali na ina madini ya risasi, na madini hayo huchafua oili. Kwa hiyo oili yangu haipiti saa 50 kabla ya kubadilishwa, wakati mwenye petroli safi isiyo na risasi angefika 100. Kabla ya kupima oili lazima uzungushe propela kwa mkono mpaka usikie tangi la oili likicheua. Ukiruka hatua hiyo, kijiti kitakudanganya. Vichwa vya silinda hupozwa kwa maji, silinda zenyewe kwa hewa, na kwa foleni ndefu ya kusubiri ruhusa ya kuruka pale Wilson mchana, jicho langu haliachi kipimajoto.

Sasa kuruka, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Chukua uwanja wenye kimo cha futi 5,500, kama Wilson ulivyo takriban. Katika kimo hicho hewa ya kawaida ya vitabu ina nyuzi 4. Siku yenye nyuzi 25, ambayo kwetu ni siku ya kawaida tu, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 8,000. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza karibu robo ya nguvu yake hapo. Farasi 100 ulizolipia zinabaki 75 na kitu, na propela nayo inakamata hewa nyepesi, na bawa vilevile. Hasara tatu kwa pamoja.

Brosha inasema ndege hii, ikiwa na mzigo kamili usawa wa bahari, inaacha ardhi baada ya mita 30 na kupanda futi 1,000 kwa dakika. Mimi nairushia Orly, uwanja mdogo wa ndege upande wa Kajiado, kusini ya Mbuga ya Nairobi. Alfajiri, nikiwa peke yangu na nusu tangi, bado inanyanyuka mapema kiasi cha kumshangaza abiria wa Cessna. Saa saba mchana tukiwa wawili na matangi yamejaa, inakuwa ndege nyingine: inakimbia sana ardhini, kisha inapanda kwa futi 400 hivi kwa dakika. Ni salama ukiijua na kuipangia. Anayetarajia mita 30 atajikuta anaangalia ua wa jirani kwa karibu mno.

Kutua kuna mtego wake pia. Kipimakasi kinasoma kilekile ulichozoea, na lazima ukifuate, lakini katika hewa hiyo kasi halisi juu ya ardhi inazidi kwa karibu asilimia 13. Macho yatakwambia unaenda mbio, mkono utataka kuvuta pua juu. Usivute. Na ndege hii, kwa sababu ya slati (vibawa vyembamba vilivyo mbele ya bawa) zisizokunjika na magurudumu yaliyo nje, ina ukinzani mkubwa wa hewa. Ukipunguza nguvu ya injini katika mwendo wa polepole, inashuka kama lifti, na pua lazima iende chini mara moja. Marubani waliozoea ndege zinazoteleza wapande na mwalimu kwanza.

Baada ya kupunguza pembe ya propela kidogo, jambo linalofanyika chini kwa spana, injini ilifikia mizunguko yake vizuri zaidi wakati wa kuruka. Nilipoteza kasi kidogo ya safari, nami sijutii. Kwa hewa yetu, mpangilio wa kupanda una thamani kuliko wa kukimbia.

Na uzuri wake? Milango ya vioo iliyobinuka nje inakuwezesha kutazama chini moja kwa moja. Bawa limepunguzwa unene pale linapokutana na mwili, kwa hiyo ukikata kona unaona unakokwenda, jambo ambalo ndege nyingi za bawa la juu zinakunyima. Usukani wa mkia wote unazunguka, na miguu yako inapata jibu papo hapo. Asubuhi yenye utulivu, ukiwa juu ya nyika za Athi Kapiti na Ol Doinyo Sabuk imejitokeza upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, maili 80 kwa saa ni kasi inayotosha. Ifikapo saa nne, mikondo ya hewa moto huanza kupanda kutoka nyikani, na bawa hili jepesi linarushwarushwa kila upande. Nami huwa nimeshatua.

Makelele ni mengi, vaa vipokea sauti vizuri. Vioo vingi vinaleta joto, weka pazia la juu. Uzito wa ndege yangu ulipopimwa ulizidi ule wa brosha, kama unavyozidi kwa karibu kila mjenzi anayeongeza redio na mazulia. Ndiyo sababu sikupaka rangi.

Nani aichukue? Mwenye shamba lenye kiwanja kifupi, anayependa kazi ya mikono, anayeruka karibu na mapema. Mwenye uwezo wa kifedha aulizie Rotax 914, yenye tabo, ambayo hailegei kwenye miinuko yetu kama 912. Na anayetaka kwenda Malindi au Lamu mara kwa mara aangalie CH 750 Cruzer ya kiwanda hichohicho: haina slati, inakimbia zaidi, na kazi ya kuijenga ni ileile.