Joto la banda la kenge, Unguja: kilichonifaa na kilichobaki kabatini

"Unguja joto lote hili, kenge unamwashia taa ya nini?" Kila anayeingia kwangu Bububu huuliza hivyo, na ami yangu huuliza mara mbili, maana yeye kenge anamjua kwa kazi moja tu, kumaliza vifaranga. Swali lina haki ya kujibiwa kabla sijasema kifaa kipi kizuri na kipi hasara, kwa sababu vifaa hivi karibu vyote vimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na karatasi za maelekezo zinachukulia kuwa chumba chako kina nyuzi 18.

Changu hakina. Hata kipupwe, Julai na Agosti, usiku wa Unguja ni wa nyuzi 21 au 22, na kaskazi ikiingia mchana unafika 32. Hewa ya joto tunayo. Asichokuwa nacho kenge wa ndani ni jiwe. Porini anatoka asubuhi, anajilaza juu ya jiwe au gogo lililopigwa na jua mpaka likafika nyuzi 50 na ushei, mwili wake unapanda hadi karibu 35, kisha huyo anashuka kivulini kutafuta riziki yake. Mwili wake hauna joto la kujitengenezea, lazima aliokote nje. Mfungie kwenye chumba chenye nyuzi 29 kila pembe, hatakufa kesho, ila atashinda vuguvugu: anakula kidogo, chakula kinakaa tumboni hakisagiki, mwisho anakitapika kishaoza. Kwa hiyo usiende dukani kununua joto la banda zima. Nunua joto la mahali pamoja, upande wa pili uache ulivyo.

Wangu ni kenge wa maji, huyu huyu wa mitoni na mikokoni kwetu, urefu kama mita moja. Mbwa walimng'ata mguu wa nyuma, ukapona ukiwa umepinda, kupanda mti hawezi tena. Ninaye kwa kibali. Sheria Namba 10 ya 1996 ya rasilimali za misitu inahusu na wanyamapori wa Unguja na Pemba, kwa hiyo anayetaka kuweka mnyama wa porini aanzie Idara ya Misitu, si kwa kijana mwenye gunia. Na jamii yote ya kenge imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kumtoa nje ya nchi bila karatasi ni kesi. Wa "nitafutie na mimi mmoja", samahani, sitajibu.

Banda alilitengeneza fundi seremala kwa mbao za marini, futi 8 kwa 4, kimo futi 4. Chini kuna udongo uliochanganywa na mchanga, kina cha sentimita 40 apate kuchimba, na beseni la maji upande wa mbali na taa. Kenge wa maji mkubwa anapita mita moja na nusu, na akifika huko banda hili halimtoshi. Basi, tuje kwenye vifaa.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni globu za halojeni, zile za kioo kinene zenye uso mpana, umbo linaloitwa PAR38, wati 100. Nimefunga mbili ubavu kwa ubavu. Watu wengi huweka moja yenye nguvu, na hapo ndipo kenge wanapoungua: globu moja inatupa moto kwenye duara la ukubwa wa sahani, mgongo unachomeka katikati huku kichwa na mkia bado baridi, naye anazidi kukaa kwa sababu mwili wote haujapata joto. Mbili zinafunika kutoka mabegani hadi kiunoni.

Kuzipata ndiyo shughuli. Zunguka Darajani, zunguka Mlandege, utaonyeshwa LED tupu, na LED kwa kazi hii haina maana, moto wake mdogo unabaki nyuma kwenye kitako. Ulaya walianza kuziondoa halojeni sokoni, hizi za kuelekeza mwanga mwaka 2016 na zile za kawaida 2018, kwa hiyo hata huko zinapungua. Mimi niliagiza kupitia Dar, zikavuka na boti. Lakini ndiyo hivyo, katika msafara wa mamba na kenge wamo: ndani ya mzigo mlikuwa na globu moja iliyoandikwa halojeni kwenye boksi, ukiitazama kwa karibu unaona vidoa vya njano vya LED nyuma ya kioo. Pima kwa mkono kabla hujalipa. Halojeni ya kweli ni nzito, na ukiiwasha dakika mbili tu huwezi kuweka kiganja mbele yake.

Kitu cha pili, na hiki ningekinunua kabla hata ya globu, ni kipimajoto cha bunduki. Sh 45,000, hakijawahi kunidanganya. Vile vya kubandika ukutani vinapima ukuta. Bunduki inapima pale unapoielekeza, na unachotaka kujua ni joto la uso wa jiwe. Nimeweka tofali la saruji chini ya taa, umbali wa sentimita 40 hivi kutoka kwenye kioo cha globu. Asubuhi kidoa chekundu kinasoma 27. Baada ya robo saa 38, kisha 46, mpaka linakaa kwenye 54, 55. Yeye hutoka shimoni likiwa bado halijafika huko. Anaonja tofali kwa ulimi, anapanda, anajitandaza mbavu nje mpaka anakuwa bapa, na ule mguu mbovu anauweka katikati ya mwanga kwanza. Nikimpiga kwa bunduki mgongoni baada ya muda nasoma 35 au 36, na hapo mwenyewe anashuka bila kuambiwa. Ukisoma mgongo umepita 40 na bado kalala, taa iko karibu mno, ipandishe.

Dima, swichi ya kupunguza na kuongeza nguvu ya taa, nayo nzuri, ila soma wati zake. Ya bei rahisi inayouzwa kwa taa za LED haitaki mzigo wa wati 200, inapata moto hadi inanuka. Chukua ya wati 400 upumue. Kaskazi napunguza, masika mawingu yakikaa kutwa naachia yote.

Themostati sina ugomvi nayo, lakini kwa kenge wa ndani Unguja naiona ni fedha ya kubaki mfukoni. Kazi yake ni kuzuia banda lisipoe wala lisipande, nasi kupoa si tatizo letu. Tena ina hatari yake: kenge ana kucha, ana udadisi, na kile kisensa kwenye waya anakivuta. Kikiangukia kwenye beseni la maji, themostati inadhani banda limepoa na inasukuma moto wote. Ukiamua kuiweka, kisensa kifungwe kwa klipu za chuma, na waya upite nje ya banda.

Hita ya seramiki ndiyo iliyobaki kabatini. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea iliyoandikwa 110V, ya soko la Marekani, wakati umeme wetu ni 230. Kwa asiyejua uzito wake: kifaa cha aina hiyo cha wati 100 ukikipa volti 230 kinavuta zaidi ya wati 400, na banda ni mbao. Nilimwandikia, akasoma, kimya mpaka leo. Soma maandishi kwenye shingo ya kifaa chenyewe, achana na yaliyo kwenye picha ya tangazo. Na hata ingekuwa ya 230, seramiki ni ya kupasha banda usiku bila mwanga, na usiku wetu hauhitaji. Kenge wa hapa wamelala usiku wa Unguja miaka yote bila hita. Kwa kuotea mchana pia haifai, moto wake unaishia juu ya ngozi, hauingii mwilini kama wa halojeni au wa jua.

Kuna waliouliza kuhusu globu nyekundu za vifaranga, zile za wati 250 za maduka ya dawa za mifugo. Kwa dharura zinasaidia, na zinapatikana. Ila ni moja tu na ina nguvu mno, iweke mbali, sentimita 70 kwenda juu, na usiiwashe usiku ukidhani hauoni ule wekundu. Anauona.

Nisisahau holda. Holda ya plastiki chini ya halojeni inalainika, inapinda, halafu globu inaning'inia kwenye waya. Tafuta ya kauri, ya kuzungusha, kwa sababu halojeni hizi hazina pini za pembeni kama globu zetu za zamani. Hewa ya bahari inakula skrubu za ndani, fungua uzitazame kila baada ya miezi michache, ukiona ukijani badilisha. Waya wa kawaida wa nyumbani panya wa Bububu wameshauonja, sasa umo kwenye paipu. Na mbele ya globu lazima pawe na kimia cha chuma, maana huyu mtu akirukia chakula hachagui pa kutua.

Umeme wenyewe: globu mbili kwa saa 10 ni uniti 2 kwa siku, uniti 60 kwa mwezi. Kwenye Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, utaziona. Umeme ukikatika sina haraka, kenge si kifaranga, siku mbili tatu bila kuota joto hazimdhuru, ila simpi chakula, kwa sababu hana moto wa kukisaga. Waliokuwepo 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika kisiwa kizima kikakaa gizani, wanajua siku mbili zinaweza kuwa miezi mitatu. Inveta nimeipigia hesabu: betri ya 12V yenye Ah 100, ukitumia nusu yake isife mapema, inawasha globu hizi saa 3 tu. Badala yake nimejenga uzio mdogo uani wenye kivuli upande mmoja, na jua likiwepo anashinda huko bure. Jua linampa na UVB, miale isiyoonekana ambayo halojeni haina, na kwa kweli siku za jua taa sizigusi kabisa. Mwenye ua salama na jirani mwelewa aanze na uzio, vifaa avinunue masika ikikaribia.

Globu zangu mbili za akiba zimo ndani ya boksi lake, juu, mbali na unyevu. Zikiisha nitaagiza aina hiyo hiyo kwa muuzaji yule yule wa Dar, ila safari hii atazifungua na kuziwasha kwenye video kabla mzigo haujapanda boti.