Misimu mitatu juu ya ubao wa kuchonga: uzoefu wangu na mabuti magumu

Kwa misimu mitatu nimetumia seti moja ya vifaa vya kuchonga kwenye theluji: ubao mwembamba wa sentimita 168, mabuti magumu ya plastiki na vifungo vya bamba, vinavyoyashika mabuti kwenye ubao. Kuchonga, kwa asiyeufahamu mtindo huu wa kuteleza kwa ubao wa theluji, ni kuulaza ubao juu ya makali yake ya chuma hadi upinde na kuifuata kona wenyewe, bila mkia kuburuzwa pembeni, na alama inayobaki nyuma ni mstari mmoja mwembamba kama uliokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Naandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kuacha mabuti laini na kuhamia huku, na nitasema mapema ninachokiamini: ubao ndio unaosifiwa, lakini mabuti ndiyo yanayoamua, na karibu kila jeraha dogo nililolipata lilianzia kwenye kipimo kilichokosewa kabla sijakanyaga theluji.

Nilikuwa nimeteleza kwa miaka kadhaa na mabuti laini juu ya ubao wa kawaida, ambao kiunoni, yaani katikati palipo pembamba zaidi, una upana wa takriban sentimita 25. Shida ilianza nilipojifunza kuulaza ubao chini zaidi. Nyayo zangu ni ndefu, na kwa kuwa zilifungwa karibu kukingama juu ya ubao, ncha za mabuti zilitokeza nje ya makali. Ubao ulipolala sana, buti liligusa theluji kwanza, makali yakanyanyuka, nami nikajikuta chini kifudifudi bila onyo lolote. Ubao wa kuchonga huiondoa shida hiyo kwenye mzizi wake. Kiuno cha ubao wangu ni sentimita 20 tu, na miguu hufungwa ikielekea mbele, nyuzi 60 kwa mguu wa mbele na 57 kwa wa nyuma, hivyo hakuna kinachotokeza nje. Wembamba huo una faida nyingine ambayo huisikii hadi uujaribu: ubao huhama kutoka makali ya upande mmoja hadi ya upande wa pili kwa haraka na kwa nguvu ndogo, kwa sababu mguu uko karibu sana na ukingo.

Ubavu wa ubao wangu umebonyea kwa nusu kipenyo cha mita 11, na namba hiyo inastahili kueleweka kabla ya kununua. Ubao ukilala kidogo tu, kona yake hukaribia mita hizo 11. Ukilazwa hadi nyuzi 60 kwenye theluji ngumu, kona hujikaza hadi kukaribia nusu yake. Kwa maneno mengine, ukubwa wa kona unautawala kwa kuulaza ubao, si kwa kuusukuma kwa mguu wa nyuma. Mbao za mashindano ya slalomu kubwa, yaani mbio za kushuka ukipinda kati ya nguzo, zinazofikia sentimita 185 na ambazo nusu kipenyo chake ni kirefu zaidi, hudai kasi na mteremko mpana ambao mtelezaji wa kawaida hapati kila siku. Mashindano hayo ya watu wawili wawili yamo katika Olimpiki tangu mwaka 2002, na wengi waliyajua mwaka 2018 pale Ester Ledecká wa Ucheki aliposhinda dhahabu ya slalomu kubwa sambamba kwa ubao na dhahabu ya super-G, mbio za kasi zaidi zenye kona pana, kwa ski katika michezo ile ile. Ukimtazama akiteleza utatamani ubao kama wake. Nakushauri usiununue kwanza. Ubao wenye nusu kipenyo cha mita 10 au 11 utakufundisha zaidi, kwa sababu utakujibu hata ukiwa mwendo wa wastani.

Sasa mabuti. Muuzaji wa duka niliponunua aliniuliza namba ya viatu ninavyovaa kila siku, akaigeuza kuwa kipimo cha mabuti, akaniletea 28.5. Yalinikaa vizuri nilipokuwa nimesimama wima juu ya zulia, na hapo ndipo nilipokosea kuridhika. Kipimo cha mabuti haya ni urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita: unasimama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, na unapima hadi ncha ya kidole kilicho kirefu zaidi. Mguu wangu ni sentimita 27.2. Katika buti la 28.5, kisigino kilinyanyuka kila nilipopiga goti kuelekea mbele, mguu ukateleza ndani ya ganda, na muundi ukagonga ulimi wa buti mara mamia kwa siku. Kufikia siku ya nne nilikuwa na uvimbe mgumu mbele ya muundi wa mguu wa nyuma, ngozi imekuwa ya zambarau, na hata soksi ilipopita juu yake asubuhi nilishusha pumzi kwanza. Ili kukizuia kisigino nilikaza zaidi vifungio vya juu ya unyayo, jambo lililobana damu, na vidole viwili vikafa ganzi kwa karibu wiki mbili baada ya safari kwisha.

Niliyabadilisha kwa 27.0, na safari hii sikumsikiliza mtu bali nilipima ganda lenyewe. Unatoa kiatu cha ndani, unaingiza mguu mtupu kwenye ganda la plastiki, unasogeza vidole hadi viguse mbele, kisha unaangalia nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hivi, yaani kidole kimoja hadi kimoja na nusu, ndiyo ninayoiamini. Baada ya hapo kiatu cha ndani kilipashwa joto ili kijiumbe kwenye mguu wangu, na nikaweka soli ya ndani iliyoinua upinde wa unyayo. Uvimbe wa muundi haujarudi tangu siku hiyo. Mabuti haya yana pia springi nyuma ya kisigino inayoamua ni kwa kiasi gani buti litakubali kupinda mbele, na nimeona kwamba anayeanza hukosea kwa kuchagua springi ngumu akidhani ugumu ndio umahiri. Springi ya kati huacha kifundo kicheze, na kifundo kinachocheza ndicho kinachouweka ubao kwenye theluji pale mteremko unapokuwa na vijibonde.

Vifungo vya bamba havina mengi ya kueleza, ila mambo mawili. La kwanza ni kabari. Nilianza nikiwa nimefunga mabuti yote mawili bapa, na mwishoni mwa kila siku goti la nyuma liliuma upande wa ndani, maumivu ya kuvuta, si ya kuchoma. Nilipoweka kabari ya nyuzi 3 inayoinua kisigino cha mguu wa nyuma, nyingine ndogo inayoinua vidole vya mguu wa mbele, na kupunguza umbali kati ya miguu kutoka sentimita 50 hadi 47, magoti yalilegea na maumivu yakaisha ndani ya siku tatu. La pili ni skrubu. Siku moja, katika kona ya upande wa visigino, nilisikia mtikisiko mdogo chini ya unyayo wa nyuma nikaupuuza, nikidhani ni barafu. Nilipofika chini, skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Vifungo vya ubao haviachii mguu unapoanguka kama vile vya ski, kwa hiyo kifungo kinachong'oka upande mmoja huku mguu wa pili umeshikwa ni hatari kubwa kwa goti. Sasa nabeba bisibisi mfukoni na nakaza skrubu zote baada ya mteremko wa kwanza, kila siku, bila kukosa.

Kuhusu ufundi, upande wa vidole ulinijia kwa urahisi, nao upande wa visigino ulinichukua msimu mzima. Kosa langu lilikuwa la kawaida: niliketi kama mtu aliye juu ya kigoda, makalio yametoka nje ya ubao, mguu wa mbele umenyooka, kifua kimeinama. Mkao huo unaupa mkia uzito wote na kuunyima ubao shinikizo la mbele, na ubao hujibu kwa kutetemeka na kurukaruka hadi makali yanaachia theluji. Kilichonisaidia ni kuzungusha kifua na nyonga vielekee kule vidole vya mabuti vinakoelekea, kupiga magoti yote mawili, kisha kupeleka mkono wa nyuma mbele kana kwamba nataka kushika kifungio cha buti la mbele. Tendo hilo moja la mkono huvuta bega, bega huvuta nyonga, na nyonga hurudi juu ya makali. Nililifanyia mazoezi kwenye mteremko mpole, nikivuka upana wake kwa makali ya visigino peke yake, nikisimama na kugeuka kutazama mstari nilioacha. Mstari ukiwa mwembamba kama uzi, umechonga. Ukiwa na upana wa kiganja, umeburuza, hata kama mwili ulikuambia vinginevyo.

Makali yenyewe hudai malezi. Yangu yamenolewa nyuzi 88 ubavuni, na upande wa chini yameinuliwa nyuzi 1 ili ubao usinase theluji ukiwa bapa. Kila jioni naupangusa ubao ukauke, kwani kutu huanza usiku uleule, kisha napitisha jiwe la almasi kuondoa vijimeno vilivyotokana na mawe. Tupa natumia mara chache, maana chuma kilicholiwa hakirudi. Ili kujua kama makali yako tayari, naburuta ukucha wa kidole gumba kukingama juu yake. Yakikwangua unga mweupe wa ukucha, nalala kwa amani. Asubuhi moja ya barafu nilitoka na makali butu kwa uvivu wa jioni iliyotangulia, na kona ya tatu ya upande wa vidole ubao uliachia wote kwa mara moja. Nilianguka kifua mbele, na simu iliyokuwa kwenye mfuko wa kifuani ilikandamizwa kwenye mbavu za kushoto. Hapakuwa na mvunjiko, daktari aliridhika na hilo, lakini kwa wiki nne kila kikohozi kilinilazimu kushikilia ubavu kwa mkono, na kulala upande ule hakukuwezekana. Tangu hapo mfuko wa kifuani hauna kitu kigumu chochote.

Kifundo cha mkono nilikiumiza mapema zaidi, kwa tamaa ya kugusa theluji. Wengi wetu tunavutiwa na picha za wachongaji wanaolala kiasi kwamba mkono unafagia ardhi, tukaunyoosha mkono kuifikia theluji badala ya kuusubiri ubao utufikishe. Mkono ulionyooshwa ukinaswa, uzito wote wa mwili hupita kwenye kifundo na kidole gumba. Nilipata mteguko uliopona kwa wiki tatu za bandeji. Kifundo cha mkono ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi kwa watelezaji wa ubao, hasa wanaoanza, na vikinga vyenye bamba gumu hupunguza hatari hiyo. Mimi huvivaa chini ya glavu, na helmeti sijadili na mtu.

Mabuti magumu hukilinda kifundo cha mguu vizuri, ila nguvu isiyopita pale hupanda hadi kwenye muundi na goti. Kwa wenzangu wanaobaki na mabuti laini nina angalizo moja ninalolisisitiza: maumivu upande wa nje wa kifundo baada ya kuanguka yanaweza kuwa mvunjiko mdogo wa talasi, mfupa ulio ndani ya kifundo cha mguu, unaofanana sana na mteguko na usioonekana kwa urahisi kwenye picha ya kawaida ya eksirei. Maumivu yasipopungua baada ya siku kadhaa, rudi hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba uliumia ukiwa juu ya ubao wa theluji, ili aone kama picha ya siti skani inahitajika.

Seti hii haifai kila mahali. Kwenye theluji laini yenye kina, pua yake nyembamba huzama. Kwenye matuta ni mateso. Na kutembea na mabuti haya kwenye ngazi za chuma kunahitaji subira. Zaidi ya yote haifai kwenye mteremko wenye watu wengi, kwa kuwa mchongaji huvuka upana wote wa njia, na wakati mwingine kona yake humrudisha hadi kukaribia kupanda juu, jambo ambalo anayeshuka nyuma yake halitarajii. Nimekoswakoswa mara mbili, na mara zote mbili aliyekuwa nyuma hakuwa na namna ya kubashiri njia yangu. Kabla ya kila kona ya visigino, ambayo humpa mtu mgongo wake, sasa nageuza kichwa kutazama juu. Huwa napanda lifti inapofunguliwa tu asubuhi, theluji ingali na michirizi ya mashine ya kusawazishia, na ikifika saa tano, watu wakishaongezeka na theluji ikishachimbika, navua mabuti magumu na kuchukua ubao wangu wa zamani.