Mashine ya Kukereza Fimbo za Pulu: Tazama Tundu Kwanza

Muuzaji atakutajia nguvu ya mota na urefu wa reli. Mwache amalize, kisha muulize: tundu linalopita katikati ya kichwa cha mashine, yaani upande unaoshika na kuzungusha fimbo, lina upana gani? Fimbo ya kawaida ya pulu ina sentimita 147 hivi, vipande viwili vinavyokaribia kulingana urefu, na shina lake, yaani kipande kinene cha nyuma, hufikia unene wa milimita 32 hivi. Ili utoboe tundu la skrubu ya kiungo, ile inayounganisha vipande hivyo viwili, katikati barabara, shina lazima lizame ndani ya kichwa, ncha tu ibaki nje. Tundu la mashine likiwa chini ya milimita 35, utakwama hapo.

Kwa hiyo namba moja naipa mashine ya kukereza chuma ya ukubwa wa kati, yenye tundu la milimita 38 na nafasi ya sentimita 90 hivi kutoka kichwa hadi mkia, yaani upande wa pili unaotegemeza ncha. Ni nzito, haitetemeki, na inakata nyuzi za skrubu yenyewe. Iliyotumika haina neno, ila ikague. Sogeza kigari cha kisu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli. Kikilegea karibu na kichwa na kugoma kule mkiani, reli imelika. Uliza pia umeme, maana nyingi zilizotoka viwandani hudai fezi tatu.

Ya pili ni ile iliyoundwa mahususi kwa fimbo. Kigari chake hubeba rauta, kifaa cha umeme kinachochonga mbao kwa kisu kinachozunguka, na kuna chuma cha kuongoza mchongoko ili kila fimbo itoke kama mwenzake. Kwenye ile ya kwanza, mpango huo utauunda mwenyewe. Mwenye chumba kidogo na asiye na kazi nyingine ya chuma anaweza kuipandisha juu, wala sitabishana naye. Mimi naishusha kwa sababu ya wepesi wake.

Mashine ndogo ya mezani, yenye tundu la milimita 20 hivi, inatosha kwa ukarabati: kubadilisha ngozi ya ncha na pete yake. Kipande chembamba huingizwa kwa nyuma. Kitegemeze huko nyuma bila kukosa. Kikizunguka kikining'inia hupinda, hupiga, na kinaweza kukatika.

Ya mwisho ni ya kukerezea mbao, ambayo patasi yake hushikwa kwa mkono. Kupiga msasa na kung'arisha, sawa. Kiungo, hapana.

Usimalize pesa zote kwenye mashine: weka akiba ya kishikio cha pili cha fimbo, kinachofungwa nyuma ya kichwa, na rauta nzuri kama haimo. Kasi ya kumaliza kazi usiilipie zaidi. Mbao ya kipande cha mbele hupunguzwa kidogo kidogo, kisha huning'inizwa kwa wiki kadhaa kabla ya kukatwa tena, ili ikitaka kupinda ipinde mapema.