Modeli tano, soketi moja: ununue umeme gani?

Sisi wa Lamu tukipata kitu kizuri, mahali pake ni kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mimi nimepanga humo modeli tano, vifano vidogo vyenye taa za LED: jahazi, msikiti na nyumba tatu za ghorofa. Zote zinawaka kwa swichi moja.

Kabla hujanunua kifaa cha kuzipa umeme, piga hesabu. Seti nyingi za taa hizi hutumia volti 5 za USB, na taa moja ndogo hula miliampea 20 hivi, mara nyingi hata chini ya hapo. Modeli ya taa 20 ni miliampea 400. Tano kama hizo, ampea 2. Volti lazima zilingane. Ampea za adapta zikizidi si hatari kwa taa, kwani huvuta kiasi chake tu.

Chaguo langu la kwanza ni adapta ya volti 5, ampea 3, pamoja na kibao cha kugawia umeme, kila modeli na waya wake. Hapo kwenye waya usifanye ubahili. Mwanzo niliziunga mkiani, ya pili ikichukua umeme kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili. Jahazi lilikuwa la mwisho, na taa yake ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, ikafifia kama kaa la chetezo ubani ukiisha. Nilipogusa waya wa mwanzo nikaukuta na vuguvugu: uzi mwembamba ule ulikuwa umebeba mzigo wa modeli zote, na volti zikipungua njiani.

Ya pili ni chaja ya simu yenye matundu manne au matano. Haihitaji fundi wala kulehemu, na kwa mwenye modeli tatu ningeiweka hata ya kwanza. Soma maandishi madogo mgongoni: tafuta ampea za jumla, si za tundu moja.

Kigawanyo cha USB (hub) nakiweka cha tatu, nacho kiwe na adapta yake. Ukikichomeka kwenye kompyuta, tundu la USB 2.0 limewekewa miliampea 500 tu, kwa modeli zote.

Pawabanki ni ya nne. Stima ikipotea utaishukuru, lakini nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni kidogo, zikidhani simu imejaa. Modeli moja ndogo huenda ikazimika. Tano pamoja haziipi nafasi hiyo. Ya miliampea-saa (mAh) 10,000 hutoa kama 6,000 kwa volti 5, yaani saa tatu kwa hesabu yetu ya ampea 2.

Betri za AA ziwe za mwisho. Tatu kwa kila modeli, modeli tano ni betri 15, na zikivuja huharibu kisanduku chake cha betri.

Mwenye sola ya volti 12 asiunge modeli moja kwa moja, taa zitaungua. Chaja ya gari ya USB hushusha volti hadi 5 na inatosha kabisa, mradi ampea zake zifike.

Popote utakaponunua, chagua plagi zinazobana vizuri. Hewa yetu ya chumvi haichelewi: ukiona ukijani kwenye shaba, kata kipande hicho, uchune waya upya na uufunge tepu.