TAHADHARI MBEYA: Fundi wa "beringi imekufa", kabla hujatoa hela kamata nati kwanza

Jamani, nimepigwa. Laki mbili na arobaini, mchana kweupe, tena mimi mwenyewe nimeshika tairi kwa mikono yangu miwili, nikalitikisa, nikakubali kwamba naam, beringi (ile ringi ya gololi inayoliwezesha tairi kuzunguka) imekufa. Hapo ndipo panaponiuma. Angepigwa mtu asiyejua hata boneti inafunguliwa wapi ningempa pole. Mimi ninayewaambia wenzangu kila siku "sikiliza gari kwanza, pesa baadaye", nimeliwa kama mgeni aliyeshuka stendi na begi kichwani.

Gari mnalijua, lile jeupe. Na kelele wengi mliisikia siku ile ya kutoka Tukuyu: mvumo wa chini, wuuuu, unaanzia spidi ya 50, ukifika 80 watu wa nyuma wanapaza sauti ndipo msikilizane. Ukiweka nyutro gari likiwa linakimbia, mvumo uko palepale, haupandi wala haushuki na mzunguko wa injini. Kwa hiyo injini haimo. Wanabaki watuhumiwa wawili wa kawaida, beringi ya tairi na tairi lenyewe, na hao wawili wanafanana sauti kiasi kwamba mafundi wazuri wanawachanganya.

Nilikwenda pale kununua brek padi tu. Jina la gereji siliandiki hapa, ila ni kati ya Mafiati na Mwanjelwa, mnaopita pale mtajijua. Nikamdokezea fundi kuhusu mvumo. Akaniambia, "Bosi, twende tukausikilize." Tukatoka hadi upande wa Sae na kurudi, kaendesha yeye, redio kaizima, vioo kafunga, kichwa kakiinamisha upande wa mlango. Mtu wa namna hiyo utamshuku kwa lipi? Kanjanja hawasikilizi, kanjanja wanafungua tu. Huyu alisikiliza. Tuliporudi akasema neno ambalo ningelisema mimi: "Hii ni beringi ya mbele kushoto, imeshaanza kucheza. Ukishuka nayo Mlima Nyoka na mzigo usije ukasema sikukuambia."

Sasa tazameni alivyofanya, maana mchezo wote uko kwenye dakika tatu.

Gari likiwa bado chini, akachukua wili spana akazilegeza nati za tairi la kushoto. Hilo ni sahihi, kila fundi hulegeza nati kabla ya kupiga jeki, kwani tairi likishakuwa hewani linazunguka na huna pa kulizuia. Akapiga jeki, tairi likaachana na ardhi kama upana wa vidole vitatu. Halafu, badala ya kuendelea kulitoa, akaniita. "Shika mwenyewe bosi, mkono mmoja juu, mmoja chini, vuta sukuma." Nikachuchumaa, nikashika saa kumi na mbili na saa sita, nikavuta. Tok. Nikasukuma. Tok. Akaniambia nishike kulia na kushoto. Tok, tok. Kichwani mwangu hesabu ikajipanga yenyewe: likicheza kulia na kushoto peke yake ni tairodi au rekendi (vyuma vya usukani), likicheza juu na chini pia, hapo ni beringi au boljointi (kiungo cha tairi). Nikamtazama, nikatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari mwenzake.

Nati zilikuwa legevu! Zote! Rimu ndiyo iliyokuwa inagonga kwenye habu (kitovu kinachofungiwa tairi). Hata gari lililoshuka melini jana ukililegeza nati hivyo litafanya tok tok hadi jioni.

Na kipimo cha kumuumbua kipo, nakijua, nimewafanyia watu mara nyingi. Kaza nati kwanza. Kisha mtu mmoja akae ndani akanyage breki kwa nguvu, wewe tikisa tena. Breki ikikanyagwa, diski na habu vinashikwa na kalipa (mbano wa breki), kwa hiyo mchezo wa beringi unapotea. Mchezo ukibaki palepale, tafuta kwenye boljointi, tairodi au bushi za amu (raba za mkono unaobeba tairi). Sekunde kumi tu. Sikufanya, kwa sababu nilishaamini, na kwa sababu (niseme ukweli) nilitaka aone kwamba na mimi najua.

Hesabu yake: beringi "OG ya Japani" laki moja na nusu, kazi elfu sitini, presi (mashine ya kusukumia beringi) elfu thelathini. Presi iko kwa jirani, akasema, itachukua saa mbili, nenda ukapate hata ndizi na supu. Nikaenda. Wapumbavu tupo.

Niliporudi, gari liko chini, tairi limefungwa, nako (chuma kinachoshika beringi) imesuguliwa kwa petroli inang'aa, grisi mpya imepakwa pembeni ya habu. Akanikabidhi boksi tupu la mpya na beringi ya zamani kwenye mfuko. "Ona ilivyochoka." Nikaizungusha kwa kidole, ikakwaruza kama ina mchanga. Nikalipa. Risiti ya daftari, ya kuandika kwa kalamu, hakuna EFD (ile ya mashine ya kodi) wala nini.

Sijafika Uyole mvumo ukarudi, uleule, kwenye 50 ileile.

Nilipolala usiku ndipo akili ikarudi. Beringi ile ya kwenye mfuko ilikuwa nzima. Nzima kabisa, sili (vifuniko vya pembeni) zote mbili zimekaa, imeshikamana. Wanaofanya kazi hii wanajua nasema nini. Beringi ya aina hii inaingizwa kwa presi ndani ya nako, na habu inaingizwa kwa presi ndani ya beringi. Ukiisukuma habu itoke, karibu kila mara inaondoka na ringi moja ya ndani, imeng'ang'ania kwenye shingo ya habu, na gololi unaziona wazi. Ringi hiyo inatolewa baadaye kwa pula, au inachanwa kwa grainda na kupasuliwa kwa tindo. Beringi ya zamani inatoka vipandevipande. Ukipewa nzima, safi, na sili zake, uliza imetoka kwenye gari la nani.

Asubuhi nikasoma namba. Beringi nyingi za mbele zinaandikwa DAC kisha tarakimu: DAC38740036 maana yake ndani milimita 38, nje 74, upana 36. Ile ya mfukoni ilisoma nje 74. Boksi la "mpya" lilisoma 79. Tundu la nako halitanuki milimita tano kwa sababu ya supu ya ndizi! Mojawapo haikuwa ya gari langu. Kumbe hata zote mbili hazikuwa.

Nikatoa tairi, nikatazama nati ya shafti (mhimili unaozungusha tairi). Hiyo nati, kwenye gari kama hili, ikishakazwa, ukingo wake unapondwa kwa panchi uzame kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Ili kutoa habu lazima kwanza uunyanyue ukingo huo, kisha ufungue nati kwa soketi, ya milimita 30 kwenye Toyota ndogo nyingi, na bomba refu, na inakazwa kwa nguvu si mchezo, Newton mita 216 kwenye Corolla za miaka ya 2000. Yangu? Ukingo uko na pondo lake la zamani, kutu ya kahawia imejaa kwenye kona, na juu ya kutu hiyo grisi mpya imepitishwa kwa kidole. Boliti mbili za shokapu zina vumbi lake la barabara ya Matamba. Pini ya tairodi haijaguswa. Hakuna alichofungua. Alitoa tairi, akasugua, akapaka, akarudisha. Laki mbili na arobaini ya kusugua!

Huyu mtu apelekwe polisi, na nitampeleka. Ingekuwa spea bandia tu ningebisha hodi Tume ya Ushindani, lakini huku ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, na kifungo chake ni hadi miaka saba. Yeye mnyimeni na kazi kabisa. Dereva wa bodaboda akiiba kofia ya abiria anachomewa pikipiki (na hilo silisifii), huyu anayechezea tairi la mtu anayeshuka mteremko wa Inyala na familia yake anaitwa "mtaalamu". Mafundi wa pale mnaomjua, na najua mnamjua, mnyamaziaji naye ni mwizi.

Mvumo wenyewe ulikuwa wa nini? Tairi. Nilipitisha kiganja juu ya kashata (vipande vya mpira vya usoni) za matairi ya mbele: kwenda mbele laini, kurudi nyuma zinashika mkono kama msumeno. Limekula hivyo kwa sababu ya alaimenti (mnyoosho wa matairi) mbovu, na shokapu zilizochoka huongeza. Nikahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, upande uleule. Mvumo ukahamia nyuma. Beringi haihami kwa kubadilisha tairi, basi kesi imekwisha. Ishara nyingine nilikuwa nayo tangu mwanzo nikaipuuza: kwenye lami laini mvumo ulibadilika sauti, kwenye lami ya kokoto ukawa mwingine. Hiyo ni tabia ya tairi. Na nilipoyumbisha usukani kwenye 60, haukuongezeka upande wowote. Beringi mbovu ya kushoto ingepiga kelele zaidi ukikata kulia, maana uzito unalala kushoto, na ukikata kushoto ingepungua.

Kama bado una wasiwasi, gari likiwa kwenye jeki na stendi zake, weka vidole kwenye springi ya shokapu, mwenzako azungushe tairi kwa mkono. Beringi iliyokwaruzika unaisikia kwenye springi, mtetemo mdogo kama simu iliyowekwa kimya. Linganisha na upande wa pili. Mimi siku ile sikugusa springi hata moja.

Mambo ya kuwatambulia watu hawa, kwa haraka, maana hasira imenijaa: anakuita utikise kabla hajakaza nati. Anakufukuza kwa upole wakati wa kazi, kakae, kale. Anakutajia mteremko ili uogope. Hasemi lolote kuhusu alaimenti, wakati boliti za shokapu zikifunguliwa lazima ipimwe. Presi "kwa jirani" ambayo huionyeshwi, na hapo ndipo ungependa uwepo, kwa sababu beringi mpya ikisukumwa kwa kubanwa ringi ya ndani badala ya ya nje, gololi zinachimba njia yake na ndani ya wiki inavuma tena. Risiti ya daftari. Na kabla hajaanza, weka alama ya rangi ya kucha kwenye nati ya shafti na kichwa cha boliti ya shokapu. Ukirudi na mstari haujakatika, usilipe.

Leo saa nne nakwenda pale na boksi, na beringi, na picha za nati. Mwenye nafasi anifuate, mje hata wawili, atakayekuja abebe kalipa ya kupimia milimita, yangu imebaki Makambako.