MarinaTex au Ooho, ipi kali zaidi?

Hizi ni bidhaa za kufungashia badala ya plastiki, zote zilianzia kwa wanafunzi Uingereza, zote zinatumia mwani. Ooho ni kimfuko cha maji, unakunywa na ganda lake unalila, wakimbiaji wa London Marathon walipewa 2019, na wabunifu wake wana kampuni kabisa, Notpla. MarinaTex ya Lucy Hughes wa Chuo Kikuu cha Sussex ni kama nailoni laini, kachukua mwani mwekundu akachanganya na ngozi na magamba ya samaki ambayo viwanda vinatupa, ikashinda tuzo ya ubunifu ya James Dyson 2019 na inaoza yenyewe wiki 4 hadi 6. Mi nasimama na MarinaTex, maana inaanzia kwenye taka, na magamba hata soko la samaki la Feri pale Dar yapo kibao jamani!